Maji Yana Wenyewe: Kilomita 620 kwa Baiskeli Katika Nyika ya Australia

(Hotuba ya kikundi cha waendesha baiskeli, wana wa nyumbani tuishio Adelaide, iliyosomwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama chetu)

 

Kamati imetuomba tueleze mambo mawili. La kwanza, jinsi sisi sita tulivyoendesha baiskeli kutoka Marree hadi Marla, huko Australia Kusini, ili kuchangisha fedha za maji ya nyumbani. La pili, tunashauri fedha hizo zifanye kazi gani. Tutayasema yote mawili kwa pamoja, maana ushauri wetu tuliuokota njiani.

Wengi wenu mlituahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Mlipiga simu, mlituma ujumbe, wengine mlitania kwamba tutarudi tumepanda lori. Tunashukuru. Kilomita zote mlizolipia ziliendeshwa kwa miguu yetu wenyewe, na hesabu kamili iko kwenye taarifa ya Mweka Hazina ndani ya kijitabu hiki. Hapa tutazungumzia njia yenyewe.

Njia ile inaitwa Oodnadatta Track. Ni barabara ya vumbi yenye urefu wa kilomita 620 hivi. Inaanzia Marree, inapita William Creek na Oodnadatta, inaishia Marla kwenye barabara kuu ya lami iendayo Darwin. Kati ya kituo kimoja na kingine kuna kilomita 200 au zaidi. Ukitoka Marree mpaka William Creek ni kama 204, William Creek mpaka Oodnadatta ni 202, Oodnadatta mpaka Marla ni 212. Hakuna duka katikati, hakuna bomba la barabarani, hakuna mama anayeuza chai wala andazi. Kwa mtu wa kwetu, ni sawa na kutoka Same mpaka karibu na Segera usikute mji hata mmoja, si Makanya, si Hedaru, si Mombo.

Kuhusu joto, tuseme hivi. Mji wa Oodnadatta ulipima nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960, na hakuna joto kubwa kuliko hilo lililowahi kuandikwa rasmi nchini Australia. Ndiyo maana hakuna mwenye akili timamu anayeendesha baiskeli kule mwezi wa Januari. Sisi tulikwenda mwishoni mwa Septemba, wakati wa likizo za shule, kwa sababu mmoja wetu ni mwalimu. Hata hivyo mchana ilifika nyuzi 37 na 38, na usiku baridi ilitufanya tulale na makoti. Nchi haina kitu cha kuzuia joto wala cha kulihifadhi.

Mwenendo wetu ulikuwa huu. Tuliamka saa kumi alfajiri, tukanywa uji, tukaanza kukanyaga pedeli kabla jua halijachomoza. Saa tano tulisimama popote palipo na kivuli, na pasipo na kivuli tulifunga turubai kwenye baiskeli mbili tukalala chini yake kama mbuzi. Saa kumi jioni tuliendelea mpaka giza. Kila baiskeli ilibeba madumu ya maji kwenye keria, chakula, blanketi na vifaa vya pancha. Mtu mmoja anayefanya kazi ya namna hiyo kwenye joto lile anahitaji lita kumi kwa siku, pamoja na za kupikia. Lita kumi ni kilo kumi. Siku tatu ni kilo thelathini kabla hujaweka hata kilo moja ya unga. Wenzangu mnaofahamu kupandisha baiskeli yenye madumu mlima wa Suji mtaelewa tulivyokuwa tukihema, ingawa kule ni tambarare.

Barabara yenyewe imekunjamana kama bati la migongo midogo. Ukienda polepole inakutikisa meno, ukienda kasi inakutupa. Kuna sehemu za mchanga ambako unashuka na kusukuma. Kuna mbigili zilezile za kwetu, na zinatoboa tairi zilezile. Kuna nzi wanaotaka kunywa maji ya machoni mwako, hivyo tulivaa vyandarua usoni. Upepo wa kaskazini unapovuma unakuja usoni kama mlango wa tanuri umefunguliwa.

Basi, ndugu zetu, swali la kujiuliza ni moja. Kwa nini watu walipitisha barabara mahali kama pale?

Jibu ni maji. Ukiangalia ramani, ile njia haikunyooka. Inajipinda kufuata chemchemi. Chini ya ardhi ile kuna bonde kubwa la maji liitwalo Great Artesian Basin. Eneo lake ni kilomita za mraba milioni 1.7 hivi, ukubwa unaokaribia Tanzania mbili. Mvua inayolijaza inanyesha mbali sana upande wa mashariki, inazama kwenye miamba na kusafiri chini kwa chini mita chache tu kwa mwaka. Maji mengine yaliyomo yana umri unaozidi miaka milioni moja. Pembeni mwa bonde, ambako mwamba una nyufa, maji yanasukumwa juu yenyewe bila pampu, na kwa muda mrefu yamejijengea vilima vidogo vya chumvi na udongo. Juu ya kilima kuna kidimbwi, na pembeni ya kidimbwi kuna majani mabichi, katikati ya nchi iliyo kavu kama mgongo wa kobe.

Wenyeji wa sehemu ile ni Waarabana, mojawapo ya jamii za asili za Australia. Wao ndio waliozijua chemchemi hizo tangu zamani za kale. Watu wa jamii mbalimbali walitembea kwa miguu kutoka chemchemi hadi chemchemi wakibadilishana bidhaa, ukiwemo udongo mwekundu wa kujipaka katika ibada, uliochimbwa milima ya Flinders. Mwaka 1859 mpelelezi John McDouall Stuart alipita akifuata chemchemi zilezile, na mwaka 1862 akafika pwani ya kaskazini. Mwaka 1872 ikamalizika simu ya waya kutoka kusini hadi Darwin, ambayo nayo ilifuata maji. Kisha ikaja reli, iliyofika Oodnadatta mwaka 1891 na Alice Springs mwaka 1929. Treni zile za mvuke zilikunywa maji kama ng'ombe. Reli hiyo ya zamani ilifungwa mwaka 1980, lakini vituo vyake vya mawe, matangi yake na madaraja yake bado yamesimama kando ya njia. Kila aliyepita pale, mwenye miguu, farasi, ngamia, treni au baiskeli, alipita kwa sababu kuna watu walijua maji yako wapi, wakawaonyesha wengine au wakaacha alama.

Kuhusu ngamia, mji wa Marree tulikoanzia ulikuwa kituo cha watu waliosafirisha mizigo kwa ngamia. Wenyeji waliwaita wote Waafghani, ingawa wengine walitoka Baluchistan na Punjab. Walijenga msikiti wa udongo na miti, miongoni mwa misikiti ya mwanzo kabisa Australia, na mfano wake umejengwa upya pale mjini. Walitengwa, waliishi upande wao wa reli na Wazungu upande wao. Lakini bila ngamia wao waya wa simu usingepita, na wafugaji wa ndani wasingepata unga wala mabati. Wawili kati yetu ni Waislamu, na kabla ya kuondoka waliswali rakaa mbili karibu na pale. Wakristo miongoni mwetu tuliinamisha vichwa. Kisha tukaondoka.

Na baiskeli nazo si ngeni kule. Mwaka 1897 mtu mmoja jina lake Jerome Murif alivuka bara zima kutoka Adelaide hadi Darwin kwa baiskeli, amevaa pajama. Tulipokuwa tukijiona mashujaa, tulikumbushana habari za Murif na pajama zake, na tukanyamaza.

Siku ya pili tulipita ziwa la Kati Thanda, ambalo ramani nyingi zinaliita Lake Eyre. Ni ziwa kwa jina. Tuliloliona ni chumvi nyeupe mpaka upeo wa macho, na mahali pake pa chini kabisa ni kama mita 15 chini ya usawa wa bahari. Mwaka 2012 mahakama iliwatambua Waarabana kuwa wenye haki ya asili juu ya nchi ile. Baada ya ziwa tulifika kwenye chemchemi mbili zilizo jirani, Blanche Cup na The Bubbler. Hiyo ya pili inatokota kama chungu cha uji, lakini ukigusa si moto, ni maji yanayosukuma mchanga kutoka chini. Kuna njia ya mbao ya kutembelea, na mgeni anaombwa asikanyage pembeni. Tulikaa pale karibu saa nzima. Baada ya siku mbili za vumbi, kuona maji yanachomoza yenyewe ardhini kunamnyamazisha hata mwenye maneno mengi.

Jioni ile tulilala Coward Springs, na pale ndipo tulipoanza kuandika hotuba hii vichwani mwetu.

Coward Springs palichimbwa kisima miaka ya 1880 kwa ajili ya reli. Maji yalitoka kwa nguvu. Watu wakafurahi, wakapanda mitende, na mitende ya zamani ingalipo. Lakini bomba la chuma lililoshushwa kisimani liliota kutu likaoza, na kwa miaka mingi maji yakabubujika usiku na mchana bila mtu wa kuyafunga, yakatengeneza ziwa la matope. Mpaka mwaka 1993 ndipo kisima kilipofanyiwa ukarabati na maji yakadhibitiwa. Leo wageni wanaoga pale kwenye kidimbwi cha maji ya uvuguvugu, nasi tulioga, tukajiona wafalme.

Hadithi ya kisima hicho ni hadithi ya bonde zima. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 wafugaji na serikali walichimba maelfu ya visima. Kila kilipochimbwa maji yalirukia juu, na kwa kuwa yalikuja bure bila pampu, watu wengi hawakuweka koki. Yaliachwa yatiririke kwenye mifereji ya udongo kilomita nyingi, na zaidi ya asilimia 90 yalipotea kwa jua na kwa kunywewa na ardhi kabla ng'ombe hajafika. Baada ya miaka mingi nguvu ya maji ilipungua chini ya ardhi. Chemchemi nyingine zilizowanywesha watu kwa maelfu ya miaka zikakauka. Nchi tajiri, yenye wahandisi na benki, ilikaribia kujikausha kwa sababu tu visima vilikuwa vingi na wa kuvitunza hakuwepo. Mwaka 1999 serikali zao zilianza mpango wa pamoja wa kuziba na kukarabati visima na kuweka mabomba mahali pa mifereji. Gharama waligawana, serikali sehemu yake na mfugaji sehemu yake. Mahali palipofanyiwa kazi hiyo, nguvu ya maji imeanza kurudi.

Sasa turudi barabarani, maana kuna mambo mawili zaidi tunataka myasikie.

La kwanza ni spoku. Kutoka William Creek, ambacho ni kijiji kidogo sana chenye baa na uwanja wa ndege katikati ya ranchi kubwa kuliko zote duniani, tuliingia kipande kibaya kabisa cha barabara. Siku ya tano asubuhi gurudumu la nyuma la mwenzetu muuguzi lilikatika spoku tatu kwa mpigo. Gurudumu likapinda, likawa linagusa fremu. Tulikuwa kilomita 90 na ushee kutoka William Creek na zaidi ya 100 kutoka Oodnadatta. Baiskeli ile ingesimama, na sote tungesimama, na maji tuliyobeba yalihesabiwa kwa watu wanaokwenda, si kwa watu waliokaa.

Bahati nzuri tulikuwa na spoku za akiba, zimefungwa kwa mpira kwenye fremu, na mmoja wetu, kabla ya kwenda ughaibuni, alikuwa fundi baiskeli pale stendi ya Same. Wengine hapa mmewahi kumpelekea baiskeli zenu. Alipindua baiskeli, akavua gurudumu, akaketi chini ya turubai, akaanza kukaza spoku moja moja, akilizungusha gurudumu na kulisikiliza kama mtu anayetega redio. Dakika 50. Tukaondoka, na jioni tulifika daraja la Algebuckina, daraja la reli la chuma lenye urefu wa karibu mita 580, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Chini yake kuna kidimbwi ambacho hakikauki.

Spoku tatu haziifikii hata bei ya soda ya kila mtu aliyeketi meza ya mbele. Lakini pale tulipokuwa, bila spoku tatu na bila mkono unaojua kuzikaza, baiskeli ya bei kubwa ilikuwa chuma chakavu.

La pili ni madumu ya akiba. Kipande cha mwisho, Oodnadatta hadi Marla, hakina chochote. Kwa hiyo kabla ya safari tulimlipa dereva mmoja anayepita njia ile atuwekee maji nusu ya njia, chini ya mti tulioupigia alama kwenye ramani. Tulipanga mahitaji yetu kwa lita, kisha tukazidisha mara mbili. Wapo waliosema tunapoteza fedha. Siku ya tisa upepo wa kaskazini ulitukamata, tukakanyaga kutwa nzima tukapata kilomita 41 tu. Usiku tulihesabu maji kwa sauti, kila mtu dumu lake, kama tulivyofanya kila jioni. Ilikuwa sheria yetu ya kwanza: hakuna anayekunywa kwa kificho na hakuna anayeficha kwamba yamemwishia. Kesho yake tukafika kwenye ule mti saa nne asubuhi, midomo imekauka. Madumu yalikuwa manne. Mawili yalikuwa yamepasuka kwa jua, udongo chini yake umeshakauka, hata unyevu haukuonekana. Mawili yaliyobaki ndiyo yaliyotufikisha Marla, siku moja baadaye kuliko ratiba.

Tunaongeza neno dogo hapa. Katika siku zote zile magari yaliyotupita hayakuwa mengi, lakini karibu kila moja lilipunguza mwendo, dirisha likashushwa, na swali likawa lilelile: mna maji? Hawakuuliza kwanza tumetoka wapi wala sisi ni watu gani. Kule ndiyo hodi ya barabarani.

Ndugu Mwenyekiti, sasa tunaingia nyumbani.

Wote mnakifahamu kisima cha pale zahanati. Mnajua pia kwamba pampu yake imesimama muda mrefu, na kwamba mama anayekwenda kujifungua anakuja na ndugu na ndoo. Hatukuja kumnyooshea mtu kidole. Tulipofika likizo tulimpeleka mwenzetu mhandisi akiangalie. Kisima kina maji. Bomba ni zima. Kilichokufa ni vipuri vichache ndani ya pampu, na hapakuwa na fedha iliyotengwa kwa ajili hiyo, wala sanduku la vipuri, wala fundi wa karibu ambaye kazi hiyo ni yake. Tunao mradi mkubwa wa Same–Mwanga–Korogwe unaotoa maji bwawa la Nyumba ya Mungu, na tunashukuru. Lakini bomba kubwa haliingii kila kitongoji, na popote litakapoingia nalo litahitaji koki, mita na mtu wa kuziangalia.

Tunajua harambee zetu zinavyopenda. Tunapenda kuchimba. Kuchimba kuna sherehe, kuna utepe, kuna picha na maji yanayoruka, kuna jiwe lenye majina. Spoku haina jiwe. Hakuna mtu aliyewahi kukata utepe kwa ajili ya kipuri. Lakini tumepita kwenye nchi iliyochimba maelfu ya visima, na tumeona kwa macho yetu kwamba kisima kisicho na mwenyewe kinakausha hata kile kilichokuwepo kabla yake.

Na haya si mageni kwetu. Wazee mliopo hapa ndio mnaopaswa kutufundisha. Upareni tuna ndiva. Babu zetu waliyakinga maji ya mlimani usiku, wakayahifadhi kwenye bwawa la udongo, na asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Kila mwenye shamba alijua siku yake. Kabla ya mvua likapigwa baragumu la msaragambo, watu wakatoka na majembe kuzoa tope na kuziba nyufa, na asiyetoka alitozwa faini au alipoteza zamu. Ndiva hazikudumu kwa sababu udongo wa Upareni ni imara kuliko chuma cha Australia. Zilidumu kwa sababu kila moja ilikuwa na wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wazee wetu walilizingatia neno hilo kwa ratiba, si kwa maneno.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu, na kamati imeupokea ili uletwe mbele yenu mkutanoni.

Kwanza, fedha zote za baiskeli zisichimbe kisima kipya mwaka huu. Nusu itengeneze kisima cha zahanati: pampu, tangi la juu, koki ndani ya chumba cha kujifungulia, na mita.

Pili, nusu ya pili iingie kwenye akaunti ya peke yake ya matengenezo, ambayo haitaguswa kwa jambo jingine lolote, hata liwe zuri kiasi gani. Watia saini wawe watatu: mmoja wa chama, mmoja wa watumia maji wa kijiji, na mmoja achaguliwe na akina mama wanaoteka pale.

Tatu, vijana wawili wa pale pale, wa kike na wa kiume, wapelekwe kujifunza ufundi wa pampu, na wakirudi wapewe sanduku la vipuri na malipo yanayoeleweka kwa kila kazi. Vipuri viwekwe mara mbili ya vile tunavyodhani vinahitajika. Mmesikia habari za madumu yetu.

Nne, mkutano wa kijiji, si sisi wa mbali, upange mchango mdogo kwa kila ndoo, na uamue nani asamehewe. Kila mwezi namba ya mita, fedha iliyoingia na iliyotoka zibandikwe kwenye ubao wa zahanati, hadharani, kama tulivyokuwa tukihesabu madumu kila jioni.

Tano, mara moja kwa mwaka, kabla ya vuli, tupige msaragambo wa maji. Anayeweza kuja na jembe aje na jembe. Aliye Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au Adelaide atume malipo ya siku yake moja ya kazi. Hiyo ndiyo zamu yake.

Kuna watakaosema huu ni mradi mdogo, hauna jambo la kuonyesha wageni. Tunawaheshimu, na tunaomba mjadala uwe wazi baada ya chakula. Sisi tunasema hivi: mwakani mkutano kama huu tuulizwe swali moja tu, maji yanatoka au hayatoki? Yakiwa yanatoka, na mama mmoja amejifungua bila ndugu yake kukimbia na ndoo usiku, tutakuwa na haki ya kuja kuomba kisima cha pili. Nacho kitakuwa kimeshapata wenyewe kabla hakijachimbwa.

Kadi za ahadi ziko mezani kwenu. Upande mmoja unaweza kutoa mara moja, upande wa pili unaweza kutoa kidogo kidogo kila mwezi kwa simu. Tunaomba upande wa pili. Fedha ya kila mwezi ndiyo inayonunua vipuri.

Baiskeli moja kati ya zile sita tumekuja nayo. Ni ile iliyokatika spoku, na gurudumu bado limenyooka. Itanadiwa baada ya hotuba ya Mgeni Rasmi, na atakayeshinda akubali kuikabidhi kwa wale mafundi wawili wa pampu, waitumie kufikia visima vya vitongojini.